Vumbi la Makochi ya Watu

Chiriku alipoacha kuuliza maswali, mama yake aliacha kufua.

Mtoto huyu wa miaka minne hakubandikwa jina hilo bure. Tangu anafungua macho mpaka usingizi umkwapue katikati ya sentensi, mdomo wake haukuwa na breki. Kwa nini kochi lina miguu na halitembei? Nani alikuwa analikalia hili? Alikuwa mnene? Mbona amesahau kitana humu ndani, nywele zake zimeisha? Baba yake, fundi wa makochi, alikuwa na jibu moja kwa yote: "Muulize mama yako." Mama yake, ambaye hata hilo moja hakuwa nalo, alicheka tu akaendelea na kazi zake.

Asubuhi hiyo Fundi alikuwa anavua kochi. Ndivyo wanavyosema wenye kazi yao. Kochi kuukuu huvuliwa kitambaa cha juu, kisha gunia la chini yake, kisha hutolewa matumbo, yaani sufi na sponji iliyochakaa, na kila kitu kikakung'utwa. Kinachotoka humo ni vumbi la makalio ya watu usiowajua, la miaka yote waliyokaa wakitazama televisheni. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele, kinachotazama barabara. Chumba cha nyuma ndicho walichoishi na kulala wote watatu, na katikati palikuwa na pazia tu.

Mama Chiriku alikuwa uani na beseni lake. Alisikia nyundo, akasikia redio ya jirani, hakusikia "kwa nini" hata moja. Akainuka na mapovu mikononi. Alimkuta mwanawe amekaa kizingitini, mikono ameikaza magotini kama mzee, mabega yanapanda na kushuka.

"Chiriku. Leo hakuna maswali?"

"Ma... ma," mtoto alisema. Akavuta pumzi. "Na... taka..." Akavuta tena. Neno lililofuata halikutoka.

Mama akamfunua gauni. Ngozi ya katikati ya mbavu ilikuwa inaingia ndani na kutoka, na kifua kilikuwa kinapiga mluzi mwembamba.

"Baba Chiriku! Mtoto kabanwa tena!"

"Nakuja, namalizia upande huu."

"Upande gani? Acha huo upande!"

Fundi akatokea, kofia, kope na ndevu zote nyeupe kwa vumbi, amenyoosha mikono amchukue mwanawe. Mkewe akageuza bega na kumkinga mtoto asiguswe. Alifanya hivyo bila kufikiri, na wote wawili waliona alichofanya.

"Usimshike hivyo hivyo ulivyo," alisema, sauti sasa imeshuka. "Nipe nauli ya pikipiki."


Kituo cha afya kilikuwa kimejaa. Karani wa mapokezi alitaka kadi, na kadi ilikuwa imebaki nyumbani. Akamuuliza mama, mbele ya foleni nzima, kama siku nyingine huwa anamsahau na mtoto. Watu wakacheka. Kisha karani akaona midomo ya Chiriku ilivyobadilika rangi, utani ukamwishia, akawapitisha mlango wa pembeni.

Wakamfunga barakoa ya mvuke, mashine ikaanza kunguruma. Mama alikaa pembeni, kanga bado imelowa maji ya kufulia, akitazama zile mbavu. Mbavu zilipoanza kutulia, mtoto akaivuta barakoa pembeni.

"Mama, hii mashine inalia njaa?"

Mama alilia machozi hapo hapo, akajifuta kwa kiwiko kwa sababu mikono bado ilinuka sabuni.

Daktari wa zamu alikuwa mwanamke kijana mwenye macho ya mtu aliyekosa usingizi. Alisikiliza kifua mbele, akasikiliza mgongoni.

"Hii ni mara ya ngapi?"

"Nimeacha kuhesabu, daktari. Tunapewa dawa ya kikohozi, anapona, anarudia. Juzi mwalimu wa chekechea kanirudishia mtoto mlangoni. Anasema wazazi wenzangu wanauliza. Namwambia, wanauliza nini? Anasema, wanauliza tu."

"Katika ukoo kuna mwenye pumu?"

Mama Chiriku aligeuka kuangalia mlango, kuna mtu kasikia au hakuna. "Hakuna. Kwetu tunasema kifua tu."

"Kifua kila mtu anacho, mama."

"Kwa hiyo ni pumu?"

"Inawezekana."

"Ni au siyo?"

Daktari akavuta kiti akakaa. "Kwa umri wake siwezi kukuapia. Watoto wadogo wengi wakipata mafua vifua vinapiga mluzi, wakikua wanaacha. Wengine hawaachi. Na kipimo chenyewe kinataka mtu anayeweza kupuliza kwa nguvu kama anavyoambiwa. Huyu bado mdogo."

"Mimi naweza kupuliza mshumaa," alisema Chiriku.

"Najua unaweza. Sasa mama, tunampa dawa, tunamwangalia. Baba anafanya kazi gani?"

Mama akamweleza, na karakana ilipo akamweleza. Daktari akaweka kalamu chini, na hilo mama alilielewa kuliko maelezo yote.

Alifundishwa kutumia pampu ya kuvuta. Chupa ndogo ya plastiki ya maji ikatobolewa kitakoni, pampu ikachomekwa pale, mdomo wa chupa ukaingia kinywani mwa mtoto, dawa ikabonyezwa, mtoto akavuta taratibu. Mama akauliza lile ambalo kila mtu mtaani angemuuliza yeye: si wanasema ukishaanza pampu huiachi mpaka kaburini?

"Anayesema hivyo muulize, mwanawe akibanwa anampa nini," daktari alijibu. "Na kuna jambo jingine la kujaribu. Mtoe kwenye vumbi kwa muda, akae kwa ndugu. Akikaa salama huko, tutakuwa tumejifunza kitu."

"Na akibanwa huko huko?"

"Tutakuwa tumejifunza pia."


"Kwa hiyo mimi ndiye ugonjwa," alisema Fundi.

"Hakuna aliyesema hivyo."

"Vumbi. Nani analeta vumbi humu ndani? Mimi. Basi semeni tu, msizunguke mbuyu."

"Daktari kasema inawezekana."

"Inawezekana! Kasoma miaka yote ile aje kusema inawezekana? Hata mimi naweza kusema inawezekana. Mama Chiriku, mimi nimelelewa kwenye sufi. Marehemu baba alikuwa ananilaza ndani ya kochi lisilo na kitambaa, anaendelea kukung'uta. Nimekohoa lini mimi?"

Hapo hapo akakohoa, kwa zile kelele alizokuwa anapiga. Siku nyingine wangecheka mpaka wakae chini.

Lakini Fundi hakuwa mtu mbaya, na usiku hakulala. Kesho yake alitundika shuka lililoloweshwa maji mahali pa pazia, na kila alipotaka kutoa matumbo ya kochi aliyanyunyizia maji kwanza, vumbi lisipate nafasi ya kuruka. Alijiona mjanja. Vumbi likatulia kweli. Lakini sufi ikilowa haikauki upesi, na wateja hawakuwa na subira. Mwalimu mkuu mstaafu aliyeletewa kochi lake alilikalia siku hiyo hiyo, akainuka gauni limelowa nyuma. Alikuja mpaka barabarani, akasimama pale ambapo kila mpita njia angemsikia.

"Fundi! Kochi langu linanuka mbwa aliyenyeshewa! Ulikuwa unalitengeneza au unalizamisha?"

"Samahani, mwalimu. Nitalirudia."

"Utalirudia kwa pesa ya nani?"

"Yangu, mwalimu."

Alilirudia bure, kwa sufi kavu. Siku aliyoikung'uta, Chiriku alibanwa tena.

Shangazi mtu alipopata habari hakupiga hodi. Alikuwa dada mkubwa wa Fundi, mjane asiye na mtoto. Alifagia wodi za hospitali mpaka akastaafu, na alistaafu akiamini kwamba daktari hutibu lakini ni fagio linaloponya. Alisimama katikati ya karakana, akapitisha kidole juu ya mkono wa kochi, akakiangalia.

"Mchuma janga hula na wa kwao," alisema.

"Dada, hii ndiyo kazi yangu. Hii ndiyo inayotulisha."

"Inawalisha na kuwakaba. Wifi, mfungie mtoto vitu vyake. Namchukua."

Mama Chiriku akafunga magauni, akafunga na ile chupa na pampu, akaeleza jinsi ya kuibonyeza. Shangazi akafungua furushi, akanusa gauni la kwanza, akanusa la pili, akayarudisha magauni yote.

"Haya yabaki huku huku. Nitamnunulia mengine. Wifi, usione vibaya, sikusemi wewe. Nasema vumbi."

"Sijaona vibaya, wifi," alisema Mama Chiriku, ambaye magauni yale alikuwa ameyafua kwa mikono yake mara mbili na kuyapiga pasi. Aliona vibaya sana.

Chiriku aliondoka akiuliza kama kwa shangazi kuna kochi, na kama ndani ya kochi la shangazi kuna vitu.


Nyumba iliyokuwa na mtoto ikibaki bila mtoto, hata kijiko kikianguka unashtuka. Mama Chiriku hakuwa na la kufanya mikononi, akaanza kumsaidia mumewe: kushika kitambaa kikae sawa, kumpa misumari, kufagia. Jioni ndipo simu ilipokuja. Shangazi aliripoti kama mtu anayekabidhi zamu.

"Hajambo. Kala vizuri. Hajakohoa."

Kesho yake: "Hajakohoa hata kidogo. Anakimbia uani huko. Si nilisema?"

"Mungu mkubwa," Mama Chiriku alijibu kila mara, akampa mumewe ile habari, na mumewe naye akasema Mungu mkubwa. Kisha kila mmoja akageukia upande wake. Habari njema ile iliwakalia kooni. Mtoto alikuwa mzima kila mahali isipokuwa kwao.

Fundi alikwenda kuangalia kibanda cha kupanga nyuma ya uwanja wa wauza mbao. Kilikuwa kibanda kizuri, kina paa, kina mlango unaofungika. Tatizo lilikuwa kwamba hakuna mteja aliyepita huko. Watu wanamletea fundi makochi kwa sababu wamemwona barabarani, wakipita na mkate mkononi, wakakumbuka kiti chao kimetoboka. Na kodi ya kibanda ingekuwa juu ya kodi ya vyumba. Alisimama pale ndani akipima kwa macho, akafikiria kazi ya marehemu baba yake ikifichwa nyuma ya mbao kama kitu cha aibu.

"Nitafikiria," alimwambia mwenye kibanda.

Alifikiria, na tuseme ukweli, alichokifikiria si kizuri kukisema. Alifikiria kwamba mtoto akikohoa kwa dada yake, mara moja tu, kidogo tu, basi vumbi lake litakuwa limeachiwa huru. Ataendelea kukaa mbele ya barabara yake, na hakuna atakayemwangalia tena kama mtu anayemlisha mwanawe sumu. Wazo hilo lilipomjia alilifukuza, likaondoka, likamsubiri mlangoni.

Jumapili alikwenda kumwona. Alioga kabla ya kutoka, akavaa nguo safi. Shangazi alimsimamisha uani.

"Hapo hapo. Kuna ndoo na sabuni kwenye bafu la nje. Nguo zako zining'inize kwenye ule waya."

"Dada, nimetoka kuoga sasa hivi."

"Umeoga wapi? Mle mle ndani ya vumbi? Nenda."

Akaoga tena, mtu mzima mwenye ndevu, kama mtoto aliyecheza matopeni, jirani anamwangalia juu ya ukuta. Dada yake akampa shati na suruali za marehemu mumewe, ambaye alikuwa pande la mtu. Fundi aliingia sebuleni ameshikilia kiuno cha suruali kwa mkono mmoja.

Sakafu iling'aa mpaka aliona aibu kuikanyaga. Madirisha yote yalifungwa. Hewa ilinuka dawa, ile harufu ya hospitali inayokuchoma puani, na Fundi alidhani hiyo ndiyo harufu ya afya.

"Baba! Umevaa shati la nani? Mbona umekonda?"

Chiriku alimrukia. Alikuwa amenenepa mashavu. Akaanza: kwa shangazi hakuna vitu ndani ya kochi, amechokonoa, hakuna hata kifungo, shangazi anaosha mpaka ndimu, shangazi anasema kuku ni mchafu, ni kweli? Fundi alimkalisha mapajani na kumwegemeza kifuani. Hakusikia maneno. Alikuwa anasikiliza chini ya maneno, kwenye mgongo mdogo ule, kama fundi anavyosikiliza springi iliyolegea. Hakukuwa na mluzi. Pumzi ilikuwa inaingia na kutoka kama ya mtoto yeyote.

"Hukohoi, mama?"

"Sikohoi."

"Hata asubuhi? Hata kidogo?"

"Sikohoi, baba," alisema Chiriku, na kwa kuwa aliona kama baba hajafurahi, akajikoholesha mara moja ili kumpa anachotaka. "Hivi?"

Fundi akamweka chini haraka. "Hapana. Usifanye hivyo. Hapana, mama yangu."

Aliondoka mapema kuliko alivyokusudia. Nyuma yake alisikia dada yake anajaza maji ndooni, na fagio la maji likianza kusugua pale alipokuwa amekaa.


Simu ilikuja alasiri, wakati hawakuitazamia mpaka jioni. Fundi alikuwa anapiga stepla mgongo wa kiti, mkewe amevuta kitambaa kwa mikono miwili. Simu ikalia juu ya meza ya kazi, wote wawili wakaona ni dada. Fundi akaipokea.

"Mdogo wangu." Sauti ya dada yake ilikuwa inatetemeka, na sauti hiyo hakuwahi kuisikia ikitetemeka, hata kwenye msiba. Mkewe naye aliisikia pale alipo. "Mtoto kabanwa. Tuko njiani kwenda kituoni. Nimempa pampu, nimempa tena, bado. Njooni."

"Kabanwa hapo kwako?"

"Huko huko kwangu, ndiyo, njooni!"

"Afadhali," alisema Fundi.

Lilimtoka lenyewe. Mtu anayetua gunia begani hupumua hivyo hivyo, bila kupanga.

"Unasemaje?"

"Nasema tunakuja."

Simu ikakatika. Mama Chiriku alikuwa bado ameshika kitambaa, anamwangalia. Kisha akakiachia, akavaa viatu, akatoka mbele. Kwenye pikipiki walibebwa wote wawili nyuma ya dereva mmoja, kifua cha Fundi kimegusana na mgongo wa mkewe, na njia nzima hakuna aliyesema neno.


Walimkuta Shangazi kwenye benchi la nje ya chumba cha matibabu, bado amevaa glovu za mpira mpaka kwenye viwiko. Ile harufu ya dawa ilimtoka nguoni.

"Yuko ndani. Wamemwekea mvuke na oksijeni. Msiniulize, mimi sijui. Nyumba ilikuwa safi. Wallahi nyumba ilikuwa safi kuliko hapa."

Daktari alikuwa yule yule. Alitoka akijipangusa mikono, akasimama mbele ya Shangazi, pua zikamcheza.

"Bibi, hii harufu ni ya nini?"

"Usafi, daktari. Dawa ya kusugulia, ile tuliyokuwa tunatumia wodini. Tangu Jumapili nimezidisha kuisugua nyumba. Leo niliongeza kidogo."

"Bila maji?"

"Ikiwa na maji inafanya kazi gani?"

"Na madirisha?"

"Nilifunga. Si vumbi la barabarani?"

Daktari alijipangusa uso kwa mikono yote miwili. Hakupiga kelele. Labda kama angepiga, ingekuwa nafuu, kwa sababu Shangazi alimwelewa kabla hajasema. Alianza kuvua glovu, kidole kimoja kimoja, na ya kushoto ikakataa kutoka. Mama Chiriku akapiga magoti akamsaidia kuivuta.

"Nimefagia maisha yangu yote," alisema Shangazi. "Nimefagia walipofia watu, wakaletwa wengine wakapona. Halafu mtoto wa mdogo wangu nikamfungia ndani."

"Basi, wifi. Ulitaka mema."

"Mtoto anaendelea vizuri," alisema daktari. "Amefunguka. Sasa nisikilizeni. Vumbi linamkamata. Dawa kali inamkamata. Mafua yanamkamata. Akipata dawa ya pumu, anafunguka. Kuanzia leo nitamtibu kama mtoto mwenye pumu."

"Siyo inawezekana tena?" aliuliza mama.

"Akikua tutampima. Lakini sitasubiri akue."

Fundi akakohoa kidogo. "Kwa hiyo, daktari, halikuwa vumbi langu."

"Ni vumbi lako pia."

"Lakini kabanwa kwa dada. Na kwa dada hakuna vumbi, umeambiwa mwenyewe."

"Baba." Daktari alimgeukia, na uchovu wa zamu nzima ulikuwa usoni pake. "Lingekuwa vumbi lako peke yake, leo mimi ningelala nimefurahi. Tungehamisha makochi, habari ikaisha. Hiki ni kifua chake mwenyewe. Atakwenda nacho kila anakokwenda. Na vumbi bado atalikimbia, na pampu kila siku, asubuhi na jioni, hata akiwa mzima. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

Alikuwa amemwelewa vizuri mno. Habari ile aliyoiita afadhali ndiyo iliyokuwa mbaya kuliko zote, na yeye aliipokea kama mtu aliyeletewa zawadi. Akakaa chini kwenye benchi.


Shangazi alikwenda kunawa mikono, akakawia huko. Mume na mke walibaki peke yao, kati yao nafasi ya mtu mmoja.

"Kesho nitakwenda kwa yule mwenye kibanda," alisema Fundi. "Makochi yote yanahamia kule kwa wauza mbao."

"Wateja hawatakuona."

"Watanitafuta. Wasiponitafuta nitawafuata mlango kwa mlango. Nguo za kazi nitavulia huko huko."

"Vizuri," alisema mkewe. Akanyoosha kanga magotini, akaikunja, akainyoosha tena. "Nilikusikia."

"Ulisikia nini?"

"Tusichoshane, Baba Chiriku. Ulisema afadhali."

Fundi aliinama.

"Nilisema."

"Najua ulisema."

"Na si leo tu. Jumapili nilimpakata, nikamsikiliza kifua. Nikasikia yuko mzima. Nikaumia. Unanielewa? Mwanangu mzima, mimi naumia. Mpaka akajikoholesha mwenyewe, kunifurahisha mimi." Akamgeukia. "Sasa baba gani huyo? Niambie wewe. Baba gani?"

Mgonjwa mmoja alipitishwa kwenye kitanda cha magurudumu, wakavuta miguu kumpisha.

"Unadhani kwa nini sikukwambia kitu njia nzima?"

"Ulikuwa na hasira."

"Hasira ningeipata wapi? Simu ilipolia, nikaona ni wifi, kabla hata hujanyoosha mkono kuipokea, mimi nilishasema moyoni: na awe amebanwa. Awe amebanwa huko kwenye nyumba yake ya kung'aa, anirudishie mtoto wangu. Nilisema hivyo, Baba Chiriku. Nikiwa nimeshika kitambaa chako." Alikuwa analia bila sauti, uso ameuelekeza ukutani. "Wewe lilikuponyoka ulipoambiwa. Mimi niliomba. Na aliyenisikia sijui ni nani, maana alinipa pale pale."

Fundi alisogea, ile nafasi ya mtu mmoja ikaisha. Hakumgusa, maana shati lake lilikuwa la kazini, limejaa sufi mpaka mifukoni. Mkewe ndiye aliyeegemea.

"Hili tusimwambie mtu," alisema.

"Tutamwambia nani?"

Mlango ukafunguliwa. Muuguzi mnene mwenye daftari akatoa kichwa, akaita kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita watu katikati ya makelele:

"Wazazi wa mtoto wa pumu! Wazazi wa yule mtoto wa pumu wako wapi? Anauliza maswali, sisi hatuna majibu!"

Foleni nzima ikageuka kuangalia ni kina nani. Mwanamke mmoja akamvuta mtoto wake karibu. Mama Chiriku akajifuta uso, na Fundi akainuka wa kwanza, akasimama mahali ambapo wote wangemwona.

"Ni sisi," alisema.